Kumwangalia Mgonjwa na Kumpeleleza

 

Imetufikia barua ndefu kutoka Kibwezi, katika kaunti ya Makueni, mji ambao wengi wetu watu wa pwani twaujua kwa kuupita tu, tukiwa katika basi au gari la moshi baina ya Mtito Andei na Emali, tukiiona mibuyu na mashamba ya makonge kwa dirishani. Mwenye barua ni mzee wetu aliyekuwa akikaa nasi katika darsa hii zamani, kisha riziki ikamhamishia huko bara, akafungua duka karibu na njia kuu iendayo Nairobi. Hatutaji jina lake, kwani yeye ametaka khabari yake isemwe ili wengine wafaidike, wala hakutaka aanikwe.

Mzee huyu ana maradhi ya sukari kwa miaka mingi, na hujipiga sindano ya insulini asubuhi na jioni. Wanawe wawili wanafanya kazi Maskati. Mwaka jana walimletea kile kifaa kipya kibandikwacho nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, kipimacho sukari usiku na mchana na kupeleka hesabu yake katika simu. Mzee asema kwamba majuma ya mwanzo alifurahi nacho mno. Alijua kwa macho yake kwamba mahamri mawili ya asubuhi pamoja na chai ya sukari yampandisha upesi kuliko sahani ya muthokoi wenye kunde. Alijua kwamba akitembea kwa miguu baada ya chakula cha mchana, hata kama ni kwenda sokoni na kurudi, hesabu yateremka. Mambo haya daktari alikuwa akimwambia miaka yote, naye akiyaitikia kwa mdomo. Sasa akayaitikia kwa moyo.

Kisha ikaja Ramadhani. Siku moja baada ya swala ya alasiri alikuwa ameketi katika baraza ya msikiti pamoja na wenziwe, na simu ikalia. Alipoitazama aliona sukari imeteremka chini ya 3.9, na mshale waonyesha kwamba yazidi kuteremka. Akaona haya kufungua mbele ya watu, ilhali yamesalia kama masaa mawili tu magharibi iingie. Akaizima sauti, akaitia simu mfukoni. Hakujua kwamba dakika ile ile simu ya mwanawe mkubwa huko Maskati nayo imelia, kwani mwana huyo ndiye aliyemtengenezea ile programu alipokuja likizo, na katika kuitengeneza alijiunganisha nayo bila ya kumwambia babake. Mwana akapiga simu, baba hakuipokea. Akapiga tena, hakuipokea. Mara ya tatu akampigia jirani, na jirani akaja mbio barazani na chupa ya soda mkononi, akiita kwa sauti kuu. Mzee alikunywa ile soda mbele ya watu wote, na baada ya robo saa kutetemeka kukamwisha. Usiku ule akakibandua kile kifaa akakitia katika mtoto wa meza, na mpaka siku aliyotuandikia hajabandika kingine.

Naye atuuliza maswali mawili. La kwanza: je, mwanangu hakunipeleleza, na kupeleleza si jambo lililokatazwa? La pili: ninavyo vifaa viwili ambavyo sijavifungua, na muda wake wakaribia kwisha. Nyuma ya nyumba yangu pana jamaa wa Kikamba, si Waislamu, wana binti mdogo mwenye maradhi haya haya. Hujipiga sindano kila siku, na vijiti vya kupimia damu hawavipati ila siku moja moja. Je, nimpe yeye? Wanangu wamekataa, wasema walininunulia mimi.

Tumeisoma barua hii katika darsa, tukamuuliza na tabibu mmoja tunayemwamini, na tumeona kwamba jawabu yake yawahusu watu wengi. Katika miji yetu ya pwani ni nyumba ngapi zisizokuwa na mwenye maradhi ya sukari? Na ni watoto wangapi walioko Ghuba, au Uingereza, au Marekani, ambao hawana njia ya kumtumikia mzazi ila kwa fedha na kwa simu?

Yafaa kwanza msomaji akijue kifaa chenyewe, kwani asiyekijua kitu hukiogopa au hukitukuza kupita kadiri yake. Kifaa hiki kina uzi mwembamba mfupi uingiao chini ya ngozi. Hakipimi damu yenyewe, bali hupima sukari iliyomo katika maji yaliyo baina ya chembe za mwili, na maji hayo huifuata damu kwa kuchelewa dakika kadha. Kwa hivyo sukari ikipanda au ikishuka kwa haraka, hesabu ya simu huwa nyuma ya hali ya damu, na ndio maana matabibu husema kwamba mtu akijiona ana jasho la baridi na kutetemeka ilhali simu yasema hali ni njema, na achome kidole apime damu. Tena mtu akilala juu ya mkono wenye kifaa, mbano ule waweza kuipunguza hesabu, kengele ikalia usiku wa manane na hali mtu hana neno. Na siku ya kwanza baada ya kubandikwa, hesabu zake si za kutegemewa kama za siku zifuatazo. Aina nyingine hudumu siku kumi, nyingine siku kumi na nne, kisha hutupwa na kubandikwa kingine.

Kifaa cha kwanza cha namna hii kiliruhusiwa Marekani mwaka 1999, na wakati huo mgonjwa hakuziona hesabu mwenyewe. Alivaa siku chache, kisha daktari akazisoma. Leo mgonjwa huziona papo hapo, pamoja na mshale umwonyeshao sukari yaelekea wapi. Na huo mshale una faida kubwa kuliko watu wadhanivyo. Mtu mwenye 5.5 na mshale umelala ni mzima wa kufanya kazi yake, na mwenye 5.5 na mshale uangukao, aliyekwisha piga sindano, yuko karibu na khatari. Hesabu ni moja, na hali ni mbili. Matabibu wametaka kwa watu wazima walio wengi wenye kuvaa kifaa hiki kwamba sukari iwe baina ya 3.9 na 10 kwa muda wa asilimia 70 ya siku au zaidi. Hawakusema asilimia mia. Ajitakiaye asilimia mia ajitafutia mashaka ambayo hata tabibu wake hakumtaka nayo.

Wako watakaosema kwamba kuvaa kitu kama hiki ni upungufu wa kumtegemea Mwenyezi Mungu. Twawajibu kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alimwamuru mtu amfunge ngamia wake kisha ategemee, na aliwaamuru watu wajitibu. Anayemwacha ngamia bila kamba kisha akamlaumu Mungu kwa kupotea kwake hakutegemea, amepuuza. Wengine huuliza khabari ya tahara. Kwa udhu hapana tabu, maana kifaa kiko juu ya kiwiko, na mpaka wa kuosha mkono katika udhu ni kiwiko. Kwa josho, hukumu yake hupimwa kwa hukumu ya kitata kifungwacho juu ya mvunjiko, na aliye hadhiri hukibandika akiwa ana tahara, na atakaye ufafanuzi zaidi na amuulize mwalimu wake. Ama saumu, Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilikata kwamba sindano za dawa zisizokuwa za kulisha, na damu itolewayo ili kupimwa, si katika mambo yafunguzayo. Basi uzi usiopeleka chakula wala dawa mwilini, ila kupima tu, utafunguzaje?

Sasa tuje katika swali la kwanza, nalo ndilo zito.

Kupeleleza kulikokatazwa ni kuutafuta uchi wa mtu alioufinika, ili ajulikane aibu yake. Katika khabari hii twaona kwamba mambo mawili yamechanganyika, na yapasa tuyatenge. Jambo moja ni kujiunganisha kwa siri. Jambo la pili ni kupiga simu na kumtuma jirani.

Katika lile la kwanza, mwana alikosa. Hesabu ya sukari ya mtu ni katika siri za mwili wake, kama kilivyo kidonda kilichoko chini ya nguo. Humwonyesha mtu amekula saa ngapi, amelala vipi, amepiga sindano au ameisahau. Mwana hana ruhusa ya kuufungua mlango wa chumba cha babake bila ya kubisha, seuze mlango wa mwili wake. Wala mapenzi hayaifanyi siri kuwa halali. Wangapi wamewaudhi wazazi wao kwa mapenzi! Lau angalimwambia, "Baba, wataka nami niwe naona?" huenda baba angalikubali kwa furaha, kwani mzee aishiye mbali na wanawe hupenda kujua kwamba yuko anayemwangalia. Alilonyimwa si usalama. Alinyimwa kuulizwa.

Katika lile la pili, mwana alitenda wajibu wake, na hatuoni kwamba alikuwa na njia nyingine. Mwenye kujua kwamba mtu yumo khatarini, naye anao uwezo wa kumwokoa, akanyamaza kwa kuchelea kumwudhi, huyo ndiye mwenye lawama. Sukari ikiteremka kwa mtu atumiaye insulini haingoji adhana. Humpoteza mtu fahamu, na yaweza kumwua. Mwana aliziona dakika zapita na baba hapokei simu. Angalifanyaje? Basi kujua kwake kulikuja kwa njia mbaya, lakini kulipokuja kulimlazimisha kutenda. Hii ndiyo hali ya ilimu yote: ukisha kuipata, hurudi kukudai.

Na hapa twamgeukia mzee wetu, naye atusamehe, kwani alituuliza khabari ya mwanawe, nasi twamjibu na khabari yake mwenyewe. Wewe nawe, mzee wetu, ulijua. Simu ililia kwako kabla hujafikiwa na jirani. Mwenyezi Mungu katika Kitabu chake amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kulipa akapewa njia ya kulisha masikini. Matabibu na wanavyuoni waliolitazama jambo hili wamesema kwamba mwenye sukari na afungue papo hapo ikiwa hesabu imeshuka chini ya 3.9 au imepanda kupita 16.6, au akijiona yu mgonjwa, hata ikiwa ni dakika chache kabla ya magharibi. Nao wengine, kama watumiao insulini ambao sukari yao haitulii, hushauriwa na tabibu wasifunge kabisa. Basi saa ile ulipoitia simu mfukoni hukuwa ukimwogopa Mwenyezi Mungu, kwani yeye alikwisha kukuruhusu. Ulikuwa ukituogopa sisi tulioketi nawe barazani.

Nasi ndio wa tatu katika lawama hii, na pengine ndio wa kwanza. Ni nani aliyemfundisha mzee huyu kuona haya? Ni sisi. Ni sisi tumwonao mtu akinywa maji mchana wa Ramadhani tukanong'ona kabla ya kujua udhuru wake. Ni sisi tusemao, "Fulani siku hizi hafungi," kana kwamba tumepewa daftari la kuandika saumu za watu. Tumemwacha mgonjwa akihofia macho yetu kuliko anavyohofia kuzimia. Mtu akisema kwamba mwana wa Maskati alipeleleza kwa simu, twasema kwamba baraza nyingi za mji wetu zimepeleleza kwa macho miaka mingi kabla simu hizi hazijaja, wala hazikupeleka soda.

Kwa hivyo twaona kwamba tofauti baina ya kumwangalia mgonjwa na kumpeleleza yajulikana kwa mambo matatu. La kwanza ni ruhusa: mwenye mwili ameulizwa akakubali, na aweza kuiondoa ruhusa yake siku aitakayo. La pili ni makusudio: wataka kujua ili umsaidie, au wataka kujua ili umshinde kwa hoja? La tatu ni mwisho wake: ulipojua ulitenda nini? Aliyejua akapeleka msaada aliangalia. Aliyejua akapeleka lawama alipeleleza, hata kama aliruhusiwa tangu mwanzo.

Na hili la tatu twawasisitizia walioko ng'ambo. Mzee ametuandikia kwamba kabla ya siku ile ya Ramadhani, wanawe walikuwa wakimpigia simu na neno lao la kwanza ni, "Baba, umekula nini?" Alidhani kwamba wabahatisha. Sasa ajua kwamba walikuwa wakiisoma hesabu. Enyi wana, sukari hupanda kwa chakula, na hupanda kwa homa, na kwa kukosa usingizi, na kwa huzuni, na kwa baadhi ya dawa za maradhi mengine. Mkiiona 14 katika simu zenu hamjaona mahamri. Mmeona 14. Huenda babenu usiku ule alimkumbuka mama yenu asilale. Anzeni kwa "Shikamoo baba, u hali gani?" na mngoje jawabu. Akitaka kuwaeleza khabari ya hesabu atawaeleza. Na fanyeni naye mapatano. Baadhi ya programu hizi humpa mwenye mwili nafasi ya kuchagua wengine wapelekewe nini, na kengele ya kushuka peke yake yaweza kuwa ndiyo itoshayo. Patana naye pia ni jirani gani apigiwe, na jirani huyo aambiwe aje kwa upole, bila ya kelele. Haya ni mambo madogo ya kusema katika simu moja, na yameokoa heshima za watu.

Na kwa mwenye kuvaa twasema: usikifanye kifaa hiki kuwa kadhi wako. Wako watu waitazamao simu mara mia kwa siku, na kila hesabu mbaya huiona kama dhambi waliyoandikiwa. Sukari si kipimo cha imani ya mtu wala cha ubora wake. Kifaa ni shahidi. Shahidi husikilizwa, hupimwa ukweli wake, kisha hutendwa ipasavyo, na huachwa aende zake. Ikiwa hesabu haikufanyi utende chochote, kula, au kutembea, au kupiga sindano kama alivyokuelekeza tabibu, au kumpelekea tabibu khabari, basi umebandika pambo.

Maneno haya ndiyo yatupelekayo katika swali la pili, khabari ya binti wa jirani.

Hapana shaka kwamba jirani ana haki, awe Mwislamu au asiwe, na mtoto ana haki zaidi. Wala hapana shaka kwamba haja ya mtoto huyu ni kubwa. Wengi wa watoto wapatao maradhi haya ni wale ambao kongosho yao imeacha kutengeneza insulini, na bila ya sindano hawaishi. Kabla ya mwaka 1922 mtoto wa namna hii alikuwa akingojewa kufa tu. Mwezi wa Januari mwaka huo, mjini Toronto, kijana wa miaka kumi na minne aitwaye Leonard Thompson alikuwa wa kwanza kupigwa sindano ya insulini, akaishi. Na mwaka uliofuata Banting, Best na Collip, waliokuwa miongoni mwa watengenezaji wake, waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya dawa ile kwa dola moja moja, ili asipatikane mtu wa kuizuia kwa tamaa. Hawakuwa watu wa dini yetu, lakini walilijua jambo ambalo wengi wetu twalisahau, kwamba kitu kimponyacho mtu na kifo hakifai kuwa cha mwenye fedha pekee.

Basi je, mzee ampe binti vile vifaa viwili? Twaona tuliseme hili kwa uangalifu, kwani ukarimu usio na fikira huweza kumchosha apewaye. Vifaa viwili vya siku kumi na nne ni siku 28. Bei ya kila kimoja katika maduka ya dawa ya miji yetu ni maelfu ya shilingi, na mwezi wataka viwili. Siku ya 29 mtoto atarudi alipokuwa. Tena kifaa chataka simu yake au mashine yake ya kusomea, na simu yataka umeme, na wazazi wataka kufundishwa maana ya hesabu na mshale. Mtoto aliyekwisha kuzoea kuona, kisha akafanywa kipofu tena, huenda akahuzunika zaidi.

Lakini hatusemi asipewe. Twasema kwamba hadiya ipangwe kwa haja ya mtoto, isipangwe kwa kile kilichotuzidi sisi. Haja yake ya kwanza ni insulini isiyokatika. Ya pili ni mahali pa kuiweka, kwani Kibwezi ni nchi ya joto na si kila nyumba ina friji. Na hapa pana khabari njema ifaayo kujulikana. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya uchunguzi uliofuata hali ya joto la kambi ya Dagahaley, Dadaab, huku kwetu Kenya, nao waliona kwamba chupa ya insulini iliyokwisha kufunguliwa yaweza kukaa muda wa majuma manne katika joto lipandalo na kushuka baina ya digrii 25 na 37, na nguvu yake isipotee. Ikiwekwa katika chungu cha udongo chenye mchanga uliotiwa maji, kivulini, hupoa zaidi ya hewa ya nje. Ya tatu ni vijiti vya kupimia damu, navyo kwa fedha ya kifaa kimoja hupatikana vya siku nyingi. Ya nne ndiyo kifaa.

Kwa hivyo rai yetu ni hii. Mzee na awaite wazazi wa binti, awaulize wao kwanza, wala asije na kifaa mkononi kama mtu aliyekwisha kukata shauri, asije akawafanyia yale yale aliyofanyiwa na mwanawe. Kisha waende pamoja kwa tabibu wa mtoto. Tabibu akisema kwamba siku 28 za kuona usiku na mchana zitamfaa kuirekebisha sindano ya mtoto, khasa kujua kama sukari yashuka usiku hali wazazi wamelala, basi vipewe, na siku hizo zitumike kama siku za masomo, na wote wajue tangu mwanzo kwamba zina mwisho. Hii ni faida ya kweli. Na baada ya hapo mzee na wanawe waahidi vijiti vya kila mwezi kwa kadiri wawezavyo, hata ikiwa ni kasha moja. Amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, hata ikiwa ni ndogo.

Na wale wana waliokataa? Twasema kwamba kitu kilichotolewa hadiya kikapokewa ni mali ya aliyepewa, naye ana haki ya kukitoa. Lakini mzee asikitoe kwa kuwakomoa. Na awaambie wazi kwamba atoa viwili hivi kwa mtoto, naye atabandika kingine watakapomletea, kwa masharti yake: aulizwe, asilaumiwe, na kengele ya kushuka iwafikie. Yeye atumiaye insulini, mwenye umri, akaaye peke yake, hana haja ndogo ya kifaa hiki. Kukiacha katika mtoto wa meza kwa hasira ni kuitupa neema kwa sababu ya kosa la aliyeileta.

Tena jambo hili halitimizwi na mzee mmoja wa Kibwezi. Mwaka 2016 serikali ya kaunti ile ile ya Makueni ilianzisha mpango ambao nyumba nzima ililipa shilingi 500 kwa mwaka, ikapata matibabu katika hospitali za kaunti. Watu masikini wa nchi kavu, wenye mvua chache, walionyesha kwamba mzigo ukigawanywa hubebeka. Nasi katika miji yetu tuna misikiti, na wakfu, na zaka, na vyama vya maziko visivyokosa fedha mtu anapokufa. Twachanga upesi kununua sanda. Je, hatuwezi kuchanga kununua vijiti vya kupimia, ili sanda ichelewe? Twautaka kila msikiti wenye kamati uandike majina ya wagonjwa wa sukari wakubalio kuandikwa, na uwe na kasha la vijiti na mashine moja ya kupimia, na uwe na chupa ya maji ya sukari mahali panapojulikana, Ramadhani na isiyokuwa Ramadhani. Na khatibu aseme juu ya mimbari kwamba mgonjwa alaye mchana hali ameruhusiwa ni mtiifu, na amtazamaye kwa jicho baya ndiye mwenye kosa.

Mzee wetu amemaliza barua yake kwa kusema kwamba tangu siku ile hajakaa barazani baada ya alasiri. Twamwomba arudi. Na twawaomba wenziwe wa baraza ile, ikiwa ukurasa huu utawafikia, wamfuate nyumbani kwake wamchukue, na mmoja wao aje na chupa ya soda, aiweke katikati ya mkeka bila ya kusema neno.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake ndiko kuongoka.